Ulimi wa Chiriku

Maneno mawili tu ya wino mwekundu, na nyumba ikawa haikaliki: "Haiwezekani. Rudia."

Mwalimu wa sayansi ndiye aliyeyaandika kwenye daftari la Chiriku, chini ya zoezi la urithi. Baba: hawezi kukunja ulimi. Mama: hawezi. Mtoto: anaweza. Na kweli Chiriku alikuwa anaweza. Tangu ana miaka minne alikuwa akiukunja ulimi kama mrija na kumwonyesha kila mgeni, hata asiyetaka kuuona. Sasa ana kumi na moja, na mdomo wake haujawahi kufungwa. Jina hilo hakupewa bure.

Daftari lilihitaji sahihi ya mzazi. Baba yake, fundi wa majokofu, akauliza kwa nini haiwezekani. Mtoto akaeleza kama alivyofundishwa: wazazi wasioweza hawazai anayeweza, lazima mmoja wao awe nao ulimi huo. Baba akatia sahihi bila neno. Ijumaa hiyohiyo akahamia kwenye kochi, eti mgongo unamuuma.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, na subira ya kufumua mshono mara tatu alikuwa nayo. Subira ya kimya hiki hakuwa nayo.

"Baba Chiriku, una la kusema, sema."

"Mimi sijasema kitu."

"Ndicho kinachoniudhi! Hujasema kitu!"

Jumapili akaja wifi. Nani aliyempelekea habari, haikuhitaji mpiga ramli. Akamsogeza Chiriku dirishani, akamfumbua mdomo kama anayekagua meno ya mbuzi, kisha akamgeukia kaka yake kwa sauti ya huruma.

"Kaka, kitanda hakizai haramu. Wewe lea tu."

"Wifi, nani kakwambia nataka kutetewa?" mama Chiriku akadakia.

Matusi angeyajibu. Huruma ile ndiyo iliyomchoma, kwa sababu mumewe aliisikia na bado akawa anatazama sakafu. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, na mtu anatazama sakafu kwa ajili ya zoezi la alama tano!

Jumatatu akaacha sare ya mteja ina mkono mmoja, akamwambia mumewe avae viatu. Wakamkuta mwalimu wa sayansi ofisini, chai mkononi.

"Mama, si mimi," mwalimu akasema akifungua kitabu. "Kitabu ndicho kinachosema."

"Kwani kitabu ndicho kilichonioa? Umeniita mzinzi, mwalimu, na mwanangu ndiye aliyebeba barua!"

Meza ya pili, mwalimu mwenzake, mama mtu mzima aliyekuwa akisahihisha mitihani, akaweka kalamu chini. Akatuma waitwe mapacha wa darasa la nne, wale ambao walimu huwatofautisha kwa kovu la kwenye nyusi.

"Kunjeni ndimi, wanangu."

Mwenye kovu akakunja, safi kabisa. Mwenzake akahangaika mpaka mate yakamtiririka kidevuni, ulimi bapa vilevile.

"Hawa ni wa yai moja," mama yule akasema. "Alichorithi huyu ndicho alichorithi huyu. Haya, mwalimu, yupi kati yao haiwezekani?"

Mwalimu wa sayansi akakifunga kitabu chake. "Nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo," akasema hatimaye. "Ulimi haupimi baba. Nisameheni." Akachukua kalamu nyekundu, akakata maneno yake, akaandika: "Inawezekana. Kosa ni la mwalimu." Akatia sahihi.

Nje, mume akacheka kama aliyetua gunia.

"Si unaona? Mimi nilijua tu."

"Ulijua ukiwa kwenye kochi?"

Kicheko kikakatika. Mkewe alitangulia mbele kwa hasira, maana amesafishwa na pacha wa darasa la nne, si na mtu aliyelala naye miaka yote hiyo.

Jioni, mume alirudisha mto wake chumbani bila kuambiwa. Kisha akamwita Chiriku, akamwonyesha ukurasa uliosahihishwa.

"Soma mwenyewe. Mwalimu alikosea, na mimi nilikosea zaidi. Haya Chiriku, mkunjie baba ulimi."

Chiriku akasoma. Akamtazama baba, akamtazama mama, na hapo ndipo mama alipotambua kwamba tangu Ijumaa hajamsikia mtoto huyu akisimulia chochote. Mshona nguo za watu, na kimya cha mwanawe hakukiona.

"Siwezi," Chiriku akasema.

"Unaweza, mwanangu," baba akasema. "Jaribu."

Akatoa ulimi. Ulikuwa bapa, unatetemeka kwa jinsi alivyoukaza.

"Nilijizoeza kutoukunja, baba," akasema. "Sasa nimefanana na nyinyi."