Mawaridi Ndani ya Wigo wa Manyara

Mwaka wa Uhuru, Damari aliolewa na Mughwai akaletwa kwenye tembe lililozungukwa na mchanga mtupu. Alikuja na kijiti cha waridi alichopewa na watawa wa misheni, amekichomeka ndani ya kiazi kisikauke njiani. Wakwe walicheka. Nani hupanda kitu kisicholiwa?

Alikipanda. Akazungushia wigo wa manyara kuzuia mbuzi, na kila jioni akakimwagia maji aliyooshea vyombo. Kijiti kikawa shina, shina likazaa mashina. Miaka ikapita, akaongeza zinia na bogonvilia iliyotambaa mpaka juu ya paa la udongo, na watu waliotoka Unyambwa walipinda njia kuja kutazama.

Ndipo ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya. Damari hakukataa. Aliziamini habari za shule na bomba la maji huko. Aliomba jambo moja tu: wasubiri mvua, maana waridi likihamishwa kiangazi hufa.

"Shemeji, serikali haili maua," alisema Fabiano, mdogo wake Mughwai, aliyeongoza mgambo.

"Mbuzi wako anayala kila akipenya wigo, na hajawa serikali."

Watu walicheka. Fabiano hakucheka.

Alirudi Agosti, asubuhi, na lori. Mughwai alisimama mlangoni. "Mdogo wangu, humu ndimo ulimozaliwa."

Fabiano alimpiga kitako cha bunduki. Taya lilivunjika, na Mughwai akaanguka akitema meno. Mgambo walipanda juu ya paa wakaliporomosha kwa sululu. Mbwa alibweka; wakampiga risasi. Zinia zilisagwa chini ya mabuti.

Damari, mtoto wake mchanga Elina mgongoni, alisimama mbele ya mawaridi na jembe mkononi. Mgambo wa kwanza aliyesogea alipigwa kifundo cha mkono, mfupa ukalia. Wa pili alimchapa Damari kwa fimbo, na damu ikamshuka kutoka kwenye nyusi.

"Kateni huo wigo, lori liingie!" Fabiano alifoka.

Wakasita. Manyara hayakatwi ovyo, maana utomvu wake hupofusha. Mtu hugeuza uso, akaupa upepo mgongo. Fabiano aliwatukana, akanyakua panga, akafyeka mwenyewe kwa hasira, macho wazi. Utomvu ukamrukia katika macho yote mawili.

Alipiga yowe ambalo hata ng'ombe walilikimbia. Akaangukia miiba ya mawaridi, akijikwaruza uso mpaka ukachuruzika damu.

"Maziwa! Shemeji, maziwa!"

Kila mtu pale alijua dawa yake: maziwa ya mama anayenyonyesha, tena upesi. Na aliyenyonyesha alikuwa mmoja tu.

Damari alimtazama mumewe akigaagaa vumbini. Alitaka Fabiano apofuke. Alitaka kwa moyo wote. Kisha akayatazama mashina yaliyobaki.

"Waambie waweke mapanga chini."

"Wekeni chini!"

"Na lori lisubiri mpaka nimalize kung'oa."

"Lisubiri! Nakufa, shemeji!"

"Hufi. Lala chali."

Akakilaza kichwa chake pajani, akakamua. Maziwa yalidondoka pamoja na damu ya unyusi wake. Yule mgambo aliyevunjwa kifundo ndiye aliyemfumbua Fabiano kope, kwa mkono wake mzima. Elina alilia njaa mgongoni, na Damari aliendelea kukamua.

Baadaye akachimba. Akayafunga mashina kwa magunia mabichi. Lori liliondoka limebeba Mughwai, taya limefungwa kanga, na Fabiano, macho yamefungwa kitambaa. Katikati yao, mashina.

Katika kijiji kipya bomba lilikuwa halijafika. Mashina yalikauka, likabaki moja. Jicho la kushoto la Fabiano lilikufa. La kulia lilipona. Kila jioni alipita nyumba kwa nyumba na ndoo, akiomba maji yaliyooshewa vyombo, akaiacha ndoo nje ya wigo mpya wa Damari bila kubisha hodi. Mughwai hakumsemesha.

"Leo umechelewa," Damari alimwambia siku moja. Ndilo neno pekee alilompa kiangazi kile.

Mvua zilipoanza, tumba likafumbuka. Fabiano alisimama nje na ndoo yake.

"Shemeji, eti limechanua?"

"Si una jicho? Ingia utazame."

Mughwai, aliyekuwa ameketi uani, aliinuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani na kufunga mlango. Damari alibaki ameushika mti wa lango, amelifungua, akimsubiri Fabiano aingie.