Ribiti Hutaka Watu Wawili

Mume wangu Sjur aliacha kusema mwezi wa Januari. Kiharusi kilimkuta anavaa viatu, kikamwachia mkono wa kushoto na mguu mmoja na nusu; ulimi kikaondoka nao. Daktari alisema maneno huenda yakarudi. Nilisubiri mpaka Mei, na mimi si mtu wa kusubiri, hata kahawa huinywa machicha yakiwa bado yanaelea.

Kutwa nzima alikaa kitini kwenye dirisha la jikoni akitazama fiodi, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, kidole chake cha kushoto kikigonga mkono wa kiti. Ko, ko, ko. Kinatulia. Ko, ko, ko. Muuguzi aliyekuwa akija kila Jumanne alisema ni mishipa tu, nisijali. Lakini jamani, asubuhi mpaka jioni unagongewa kichwani! Nikachukua soksi nene ya sufu nikaifunga pale kwenye mkono wa kiti. Kidole kikawa kinagonga bila sauti, nami nikajiona mwerevu.

Binti yetu Oddlaug alikuja kutoka Bergen, akamtazama baba yake, akanivuta pembeni.

"Mama, uzeni karakana. Baba haundi tena mashua."

"Kauze yako."

"Mimi sina karakana, mama."

"Basi nyamaza, unywe kahawa."

Nilimjibu vibaya kwa sababu nami nilikuwa nawaza hayo hayo. Sikuogopa kupoteza karakana. Nilimwogopea Sjur, maana kila siku alizidi kwenda mbali akiwa palepale kitini, na mimi sikujua njia ya kumfuata.

Karakana iko chini ya dirisha lile. Ndani kulikuwa na mashua ya makasia iliyobakiza ubao mmoja tu. Usinifundishe mashua, nimezishikilia miaka arobaini na miwili. Kila chuma kina kazi yake: misumari ya chuma ni ya gati na paa, bolti na nati hukaza mkuku, ule uti wa mashua, skrubu fupi za shaba ya njano ni za bawaba za kabati. Ubao na ubao huunganishwa kwa ribiti za shaba nyekundu, basi, hakuna mjadala.

Na ribiti hutaka watu wawili. Mmoja analala nje chini ya mashua, amekandamiza kipande cha chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti. Mwingine yuko ndani. Anavisha washa, kile kipete cha shaba, kwenye ncha, anaikata, anaigonga polepole mpaka ilale. Sjur ndani, mimi nje. Hatuonani, kwa hiyo tulisemezana kwa kugonga ubao, yeye kwa nyundo, mimi kwa chuma changu: pigo moja, rudia; mawili, twende nyingine. Zamani yalikuwepo na mapigo mengine ya ujana, tukayaacha watoto walipozaliwa.

Jumatano moja nilichoka. Mitufaa ilikuwa imechanua mpaka inakera, kila mtu njiani ananiuliza hali ya Sjur kwa sauti ya msibani. Nikashuka karakana peke yangu, nikaubana ule ubao kwa jiriwa, nikashika keekee na kutoboa tundu. Kisha nikachukua skrubu za bawaba. Nilijua maji ya chumvi yatazila kwa miaka michache tu. Nilijua ni aibu. Lakini skrubu ni ya mtu aliye peke yake, na mimi nilikuwa peke yangu. Nikazikaza kumi na moja, kila moja na machozi yake.

Mlango ukagongwa kwa fimbo. Sjur! Tangu Januari alikuwa hajashuka zile ngazi za kutoka nyumbani. Juu kule alikuwa amesikia keekee, akangoja nyundo, nyundo haikuja. Tundu bila nyundo: mtu wa kazi yetu anajua maana yake.

Akaziona zile skrubu. Uso ukamwiva.

"Usinitolee macho!" nikamwambia. "Ningefanyaje? Nijigawe? Niwe ndani na nje?"

Hakunitazama hata. Akachukua bisibisi kwa mkono wa kushoto, akaanza kuzifungua moja moja na kuzitupa ndooni. Ilimchukua saa nzima. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa bega. Zilipokwisha, akabeba chuma changu cha kushikilia, akajishusha kwa taabu, akalala chini ya mashua, pale palipokuwa pangu. Akanionyesha nyundo kwa kidevu.

"Mimi, ndani? Sjur, hiyo nyundo sijawahi kuipiga."

Akanyoosha tena kidevu.

Nikaingia. Ribiti ya kwanza nikaipinda, na ya pili. Kutoka chini, pigo moja: rudia. Ya tatu ikalala vizuri juu ya washa yake. Kutoka chini, mapigo mawili. Twende nyingine! Nikacheka peke yangu kama mwehu.

"Kumbe kazi yako ndiyo hii tu? Na miaka yote ulikuwa unajitia kuchoka, mzee mlaghai wee!"

Chini pakasikika pumzi, ile pumzi yake ya kucheka.

Tulikuwa kwenye ribiti ya saba mapigo yake yalipokoma. Nikangoja mawili yangu. Ubao ukasema: ko, ko, ko.

Nyundo ikanitoka mkononi. Tulipokuwa wachumba, baba yangu akiwa karibu na sisi hatuthubutu kuongea, Sjur alikuwa akigonga matatu kutoka ndani ya mashua. Maana yake, Upo? Nami nje nikijibu moja: Nipo.

Ee Mungu wangu. Tangu Januari alikuwa ananiuliza. Asubuhi mpaka jioni, upo, upo, nami nikaenda kutafuta soksi.

Nikaokota nyundo nikagonga mara moja. Haikunitosha. Nikatoka nje, nikajilaza chini kwenye maranda ubavuni mwake, nikaushika ule mkono wa kushoto.

"Nipo, Sjur. Nisamehe. Nilikuwa nangoja useme kwa mdomo."

Akafumba macho, akanigonga kiganjani mara mbili. Twende nyingine.

Tukamaliza ukingo mmoja wa ubao, kisha tukapanda ngazi pamoja, taratibu. Kabla sijaweka birika motoni, nilikwenda dirishani nikaifungua ile soksi.