Doa la Uyoga wa Wino

Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2013. Asubuhi hiyo ukungu ulilala juu ya msitu wa miti ya jozi, na umande ukapenya hadi ndani ya hema.

Zuurakan alikuwa ametoka kuswali alfajiri alipouona ule uyoga. Uliota kwa kishada kwenye gogo lililooza, lile lile alilokuwa akikalia mama yake kila msimu wa kuokota jozi. Huu ulikuwa msimu wa kwanza bila Mama.

Akapiga magoti. Kofia zilikuwa za kijivu, zenye mikunjo pembezoni. Akapasua mmoja kwa kisu. Ndani ulikuwa bado mweupe. Kando yake, mmoja uliozeeka ulikuwa unayeyuka, ukidondosha matone meusi. Akachovya kidole, akachora mstari kwenye pindo la mtandio wake, kama Mama alivyofanya. Mstari ukatoka mweusi ti.

"Alhamdulillahi," alinong'ona. "Ndio wenyewe."

Akachuma uyoga mchanga tu, na ule mzee akautia kikombeni.

Mdogo wake, Toktosun, alikuja mekoni akinusa. "Ni ule wa Mama? Kaanga basi, dada. Nimeuota mwaka mzima."

"Na hiyo chupa ya araki kwenye koti lako?"

"Hiyo ni dawa ya baridi."

"Baridi imeanza leo, na chupa ilishafika nusu tangu juzi," alisema Batma, mkewe, huku akimenya jozi. "Wifi, mume wangu amekuwa mgonjwa sana tangu msiba."

Toktosun alicheka, lakini hakumtazama mtu.

Uyoga huu haupatani na araki wala pombe yoyote, hata ikinywewa siku kadhaa baada ya kuula. Ndiyo maana Mama hakumpakulia mtu kabla hajampaka wino wa uyoga huo kwenye kidole gumba. Aliyepakwa asiguse pombe mpaka doa lifutike lenyewe. Mwaka mmoja Baba alilisugua kwa majivu mtoni, akanywa kwa jirani. Alirudi uso mwekundu, moyo ukimwenda mbio, na Mama akakesha kando yake akimwomba Mungu. Zuurakan bado aliisikia sauti ile.

Uyoga ulipoiva, Zuurakan akafunika kikaango kwa sinia.

"Dada, unaninyima chakula cha Mama?"

"Sikunyimi. Nimeshamzika mmoja mwaka huu, Toktosun."

 Toktosun akatoa chupa kotini, akamkabidhi mkewe. Akanyoosha kidole gumba.

Zuurakan alikipaka wino taratibu, mpaka kwenye ukucha. "Sema kama Mama alivyotusemesha. Kwa sauti."

Toktosun alikohoa. 

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu, dada yangu na mke wangu: sionji araki mpaka Jumapili ijayo, hata doa hili likitoka kesho."