Gia ya Boti ya Baba

Mimi mdomo wangu hauna breki, na baba ndiye aliyenirithisha. Kwa hiyo fundi aliposema boti yetu imekufa, nilimjibu palepale kwamba kilichokufa ni akili yake.

Boti ile ilikuwa inavusha wafanyakazi wa kiwanda, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Baba anaendesha, mimi nashika kamba na kugombana na abiria. Injini yake imekaa ndani, na nyuma unashuka mguu wa chuma wenye propela. Gia ziko ndani ya mguu huo. Ukitaka kwenda mbele au nyuma, unasukuma mkono wa gia mara moja, kwa nguvu, bila kusitasita. Ukiubembeleza, meno yanasagana. Baba alikuwa hodari wa hilo. Abiria walikuwa wakisema mzee huyu anaweza kuegesha boti kwenye sahani.

Ila miezi ya karibuni gia ilianza kukwaruza. Kisha siku moja tukikaribia gati, ikakataa kabisa kurudi nyuma. Tukagonga mbao, mama mmoja akaanguka akaumia goti. Baba alibaki kwenye usukani mpaka abiria wote wakashuka.

Fundi akaja, akatoka na baba majini kuijaribu, wakarudi.

"Mguu umekwisha wote," aliniambia bila kunitazama. "Hautengenezeki, na mwingine wa aina hii hupati. Mwambie mzee apumzike."

Apumzike! Baba hajui kupumzika. Tangu mama afariki, boti ndiyo iliyokuwa inamtoa kitandani. Nikasema huyu mbabaishaji hanijui vizuri. Boti ilipovutwa nchi kavu nikavaa ovaroli ya baba, nikaanza kazi mwenyewe.

Nilifungua waya unaotoka kwenye mkono wa gia kwenda mguuni, nikauvuta huku na huku. Ukateleza bila shida. Nikaisogeza gia kwa mkono kulekule mguuni huku nikizungusha propela: mbele ikashika, nyuma ikashika. Nikamwaga oili ya mguu kwenye beseni, nikaipapasa kutafuta vipande vya chuma, nikakuta vumbi kidogo tu. Nikajaza oili nyingine, nikaunganisha kila kitu, nikaweka bomba la maji ili injini isichemke, nikawasha. Nilipousukuma mkono wa gia, ikaingia kwa mlio mmoja mfupi. Nikarudia mpaka nikachoka, haikukosea hata mara moja.

Nikaenda gereji nimefura. Fundi alikuwa amelala chini ya injini ya mtu.

"Toka huko tuongee," nikamwambia. "Gia nzima, waya mzima. Wewe ulipima nini?"

Akatoka, akajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Nilimpima mzee," akasema. "Wewe umeisukuma mwenyewe, sivyo? Ungemwacha asukume yeye. Mkono wake wa kulia unafika katikati, unasimama. Vidole vinatetemeka. Akidhani simwoni, anausaidia na wa kushoto."

Nilikumbuka vikombe ambavyo baba alikuwa anavishika kwa mikono miwili, akisema chai ni ya moto. Nilikumbuka mashati yaliyobaki kabatini, na fulana zisizo na vifungo anazovaa siku hizi. Yote hayo niliyaona, tena nikamtania kwamba anajifanya kijana. Nikakaa juu ya tairi bovu.

"Kwa nini usiseme?"

"Dada, mimi ufundi nilianza kwa kumshikia taa baba yako. Leo nimwambie kibovu ni mkono wake? Nikaona bora lawama zote izibebe boti. Yenyewe haina moyo."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Najua. Basi kamwambie wewe mwenye mdomo."

Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nyumbani nikamkuta baba ameketi mezani, amevaa shati la kwenda kumjulia hali yule mama wa goti. Kifungo cha juu kilikuwa wazi. Aliiona ovaroli yake mwilini mwangu, imelowa oili, akajua nilikotoka.

"Umeipima?"

"Nimeipima."

"Kibovu nini?"

Aliuliza hivyo, mkono wa kulia ameuficha chini ya meza. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba, na mimi sijawahi kumwona baba akimwomba mtu kitu.

"Mguu," nikasema. "Fundi kasema kweli. Boti imekwisha, baba."

Akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali boti," akasema.

Nikamwambia kesho anisindikize hospitali, eti mgongo unanisumbua. Hakuuliza umeanza lini. Nikainama kumfunga kile kifungo, naye akainua kidevu, akaniacha nimfunge.