Kamba ya Kuuvuta Mwezi

Mafundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi hawashindwi na kitu ila kunyamaza. Jioni hiyo mwezi wa Ramadhani ungetafutwa, na wao walikuwa gereji wakipanga namna ya kuuvuta uje karibu na dunia, watu waache kugombana kila mwaka nani kauona na nani hakuuona.

"Mutu mumoja apande na roketi, afunge kamba ya Fuso kule juu," alisema Khaled. "Siye tuvute na palani ya minyororo, kama vile tunainua moteri ya gari."

"Apana, kamba itakatika," alisema Massoudi. "Tuweke sumaku kubwa juu ya mulima."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba yake Khaled, Mzee Sulemani, hakucheka.

"Na iyo kamba," aliuliza, "ingeufikisha wapi? Ungekuwa mukubwa namna gani?"

Wakazidi kucheka.

Maskini, hakuwa akitania. Mtaa mzima ulizoea kufunga kwa jicho lake. Imamu alimsubiri yeye. Lakini mwaka huu ukungu ulikuwa umemwingia machoni, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Bolti alizijua kwa vidole, watu kwa sauti. Mficha maradhi kilio humfichua, na yeye alikiogopa kilio hicho. Aliogopa kuitwa kipofu, akaogopa zaidi kumsingizia Mungu mwezi.

Jua lilipozama walipanda juu ya paa la zege karibu na msikiti. Desturi yao ni kwamba kijana hata akiutangulia mwezi kwa macho, hufunga kinywa mpaka mzee aseme. Basi wote walinyamaza. Sulemani alitega sikio, asiambulie hata mguno.

"Baba, umeuona?" aliuliza Khaled.

Mzee aliinua mkono. Mbele yake kulikuwa na weupe tu, kama shuka iliyoanikwa. Angeweza kuonyesha popote, nao wangeitikia.

Akaushusha.

"Mi siuone," alisema. "Na we pia, mwanangu, sikuone."

Chini mtaani watu walikuwa wakingoja. Khaled alimshika baba yake mkono, akauelekeza juu ya milima ya Kongo, pale mwezi mwandamo ulipokuwa wazi muda wote.

"Uko hapa, baba," alisema, kisha machozi yakamshinda. "Kumbe ndiyo maana uliuliza kamba ingeufikisha wapi."