Tone la Maji Nyuma ya Masega

Mjomba alitoka chini ya gari la mwalimu, akatia kitu mfukoni, akatangaza kwamba masega ya kusafisha moshi ndani ya bomba hayamo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, macho kwa kaka yangu. "Jana gari hili lilikuwa mikononi mwa nani?"

"Mjomba, mimi nilibadilisha breki tu."

"Na hivyo viatu vipya umenunua kwa pesa ya breki?"

Mwalimu, aliyekuja kuchukua gari lake, akatoa simu. "Naita polisi."

"Polisi wa nini, mwalimu? Nitalifungua bomba nilipeleke kwa mwenzangu, akuwekee masega mengine. Huyu namfukuza leo leo."

Kazi yangu kwenye gereji ya Mjomba ni kuosha vyuma, na mbele za watu huwa siongei. Lakini hili halikuniingia akilini. Masega yamo ndani ya kiboksi cha chuma kilichozibwa kote. Mjomba aliyaonaje bila kukipasua?

Kaka ndiye aliyenifundisha habari za masega. Yamepakwa madini ya bei ghali. Petroli isiyoungua kwenye injini hupita na moshi, ikakutana na hewa juu ya madini yale, ikaungua bila kutoa ndimi za moto. Ndiyo maana bomba la nyuma ya kiboksi huwa la moto kuliko la mbele. Kama kiboksi ni kitupu, la nyuma hupoa.

Ningeweza kupima. Niliogopa tu jibu, maana hata mimi vile viatu nilikuwa navitilia shaka.

Gari lilikuwa bado linaunguruma. Nikachovya vidole kwenye ndoo ya maji, nikainama, nikadondosha tone mbele ya kiboksi na jingine nyuma yake. Tone la mbele lilitoa mvuke taratibu. La nyuma likalia chss! likakauka sijarudisha mkono. Nikarudia mara tatu.

"We bubu, unatafuta nini huko?"

"Nyuma kuna moto zaidi, Mjomba. Masega yamo. Yanafanya kazi."

Mwalimu akapiga magoti, akadondosha maji yake mwenyewe mbele na nyuma. Kisha akachungulia kiboksi.

"Hapa pana nati mbili hazipo. Fundi, bomba langu ulikuwa unalipeleka wapi?"

Mjomba akacheka peke yake. "Uzee huu, mwalimu. Macho!"

Kaka akanyoosha kiganja. "Naomba nati, Mjomba."

Mjomba akanitazama mimi, si yeye. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akazitoa, moja moja.