Tisini na Tano ya Ashgrove

Jola Wrobel alipokaribia kumaliza sekondari alikuwa amepokelewa na vyuo viwili, na kwao mjini Buffalo hapakuwa na mazungumzo mengine mezani. Alitaka udaktari tangu akiwa mdogo. Kilichobaki ni kujua chuo kipi kingemfikisha kwenye shule ya udaktari, ambayo kule mtu huiomba akishasoma chuo kwanza.

"Chuo cha jimbo kila mtu anaingia," baba yake alisema, akichovya pierogi, maandazi ya kuchemsha ya Kipolandi, kwenye krimu. Alikuwa fundi wa lifti, na akibisha alibisha hadi kwa mikono. "Hata yule kijana wa Zielinski, mpaka leo hajui kuegesha gari, kaingia!"

"Ni karibu na nyumbani, na atakuwa wa kwanza darasani," mama akasema. "Huko Ashgrove atamezwa, Leszek."

"Amezwe na nani? Jina, Halina! Wale wa shule za udaktari wanaangalia jina!"

Ubishi uliisha walipokwenda kukitembelea Chuo cha Ashgrove, kule milimani Vermont. Kijana aliyewatembeza alisema kwamba katika kila wanafunzi mia wa chuo kile wanaoomba shule za udaktari, tisini na tano hupokelewa. Chuo cha jimbo hakikufika hata nusu. Baba aliimba tisini na tano njia nzima ya kurudi, na jioni ile ile akabandika stika ya Ashgrove kwenye kioo cha nyuma cha gari. Siku ambayo shule nzima huvaa masweta ya vyuo walivyochagua, Jola alivaa lake la kijani akawahurumia waliovaa ya chuo cha jimbo. Alikuwa na majivuno, tusifiche.

Kosa walishalifanya, na familia kibao hulifanya kila mwaka kwa furaha tele. Waliambiwa tisini na tano ya wanaoomba. Wao wakasikia tisini na tano ya wanaoanza. Kati ya kuanza na kuomba kuna miaka mitatu, na mwisho wake kuna mlango, na mlangoni amekaa Dakta Lathrop.

Ashgrove kila mtu alikuwa amezoea kuwa wa kwanza alikotoka. Kwenye kemia, A zilikuwa chache na idadi yake ilikuwa ile ile hata darasa zima lisome mpaka macho yatoke damu. Jola alisoma mpaka nywele zikaanza kunyonyoka, akapata B. Akasoma tena, akapata B nyingine.

Mwaka wa tatu, theluji ilipoanza kuyeyuka, Dakta Lathrop alimwita ofisini. Huyu ndiye aliyeongoza kamati inayowaandikia wanafunzi barua ya kuwaunga mkono wanapoomba udaktari.

"Keti, Jola. Kamati imekaa. Mwaka huu hatutakuandikia."

Jola alidhani hajasikia vizuri. "Mtihani wa kuingilia udaktari nimewashinda wengi tu hapa."

"Najua. Wewe si mbaya. Uko katikati."

"Katikati ya Ashgrove, Dakta! Kwingine ningekuwa juu kabisa."

"Lakini hukwenda kwingine."

Alisema bila ubaya wowote, na hapo ndipo mtu angetamani kumrushia kiti.

"Nikiomba bila barua?"

"Hakuna anayekukataza. Watakuuliza kwa nini chuo chako mwenyewe kimekukataa. Utawajibu nini?"

Jola akauliza, "Tunaonyimwa barua tuko wangapi?"

Dakta Lathrop alimsogezea boksi la tishu. "Hatuwahesabu," akasema.

Alitoka pale. Hakumpigia baba simu, angeanzaje? Mchana ule alikuwa na zamu ya kuwatembeza wageni, maana naye sasa alikuwa miongoni mwa wale vijana wenye jaketi la kijani wanaotembea kinyumenyume wakisifia maktaba. Alikwenda kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine.

Mbele ya jengo la sayansi, mzee mmoja mnene kutoka Pennsylvania, amemshika binti yake bega, akauliza lile swali la wangapi hupokelewa udaktari.

"Tisini na tano," Jola akasema. "Ila ni ya wale wanaoandikiwa barua na kamati. Wengine wanazuiwa kabla hawajaomba, halafu hawahesabiwi. Mimi nimezuiwa leo asubuhi."

Watu wakaangalia viatu vyao. Yule baba akatabasamu kwa huruma.

"Pole sana, binti. Lakini hebu tuambiane ukweli, ulikuwa unapata nini? B?"

"B."

"Basi, ndiyo maana! Huyu wangu hata hajui B inafananaje."

Kundi zima likacheka, kwa nafuu, kama watu walioambiwa ugonjwa hauambukizi. Jola alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, kisha chuki ikamwishia. Miaka mitatu nyuma baba yake Jola angesema vile vile, kwa sauti ile ile, na yeye mwenyewe angesimama pembeni kidevu juu, akiona aibu kwa niaba ya mjinga aliyepata B.

Binti wa yule mzee hakucheka. Wenzake walipoanza kusogea, alibaki nyuma, akamkaribia Jola.

"Sasa wewe utakuwa nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua tu. Jola alikuwa amefundishwa majibu ya maswali yote, ya chakula, ya baridi, ya mabweni, hata ya panya. Hilo halikuwamo.

"Bwalo liko kule," Jola akasema, akianza tena kutembea kinyumenyume. "Twende kabla foleni haijawa ndefu."